Kiingereza cha Mama Dorina

Mkono wangu wa kushoto ndio uliotangulia kujua kwamba nimestaafu. Kwa miaka mingi ulibeba madaftari ya insha kutoka shuleni hadi nyumbani na kuyarudisha, hamsini hadi themanini kwa kila darasa, yakiwa yamebanwa kifuani kama mtoto mchanga. Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi funguo za kabati, nilitoka hapa kwangu Nyalenda kwenda kununua maziwa, nikajikuta nimeukunja mkono vilevile, na hakuna kitu ndani yake.

Nawaandikia ninyi mnaoingia darasani sasa, mnaokwenda kuwafundisha watoto kuandika Kiingereza, lugha ambayo mama zao hawakuwabembelezea. Hotuba sina. Hotuba mtapewa nyingi kwenye warsha, pamoja na soda. Mimi nina makosa yangu tu, na mengine yana raha kuyakumbuka.

Mkuu wa idara katika shule yangu ya kwanza alikuwa Mwalimu Barasa, mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata jua la Februari likiwaka. Wiki yangu ya pili alinikuta nasahihisha insha za kidato cha pili. Nilikuwa nimekolea. Ukurasa ulijaa wino mwekundu mpaka ungedhani kuku amechinjiwa hapo. Barasa akasimama nyuma yangu.

"Madam, huyu mtoto ameandika nini?"

"Ameandika vibaya."

"Sijauliza hivyo. Ameandika nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho, nimekamata kila kitenzi kilichopotoka, na sikujua kwamba kijana yule alikuwa anasimulia jinsi upepo ulivyong'oa paa la nyumba yao huku dadake mdogo akishangilia kuona nyota. Barasa akanionyesha namna yake: kusoma mara ya kwanza mikono yote ikiwa chini ya meza. Usome kwanza kama mtu, halafu ndiyo uchukue kalamu usome kama mwalimu. Nilimwitikia, na nikafanya hivyo kwa mihula miwili hivi. Kisha madarasa yakajaa, mitihani ikakaribia, na mikono ikapanda tena juu ya meza bila mimi kutambua.

Mtakutana pia na nchi moja ya ajabu inayoishi ndani ya madaftari. Katika nchi hiyo kila asubuhi ni angavu na ndege wanaimba. Mwandishi anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, kisha anapita katika msitu mnene ambamo majambazi watatu wenye bunduki wanamngoja. Anazimia. Anaamka hospitalini amezungukwa na wauguzi waliovaa nyeupe, na mara kumbe yote yalikuwa ndoto. Wiki moja wanafunzi wangu arobaini walivamiwa katika msitu huo huo. Nikasimama mbele yao nikauliza, "Jamani, Kisumu hii, huo msitu uko wapi?"

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Madam, uko kwa kitabu."

Nilicheka mpaka nikakaa. Tangu hapo nikawa nawatuma Kibuye siku ya soko, kila mtu arudi na jambo moja alilolisikia kwa masikio yake, aliandike kwa Kiingereza chochote alicho nacho. Walirudi na akina mama wanaogombania kivuli, na mhubiri aliyenyang'anywa kipaza sauti na muuza mitumba. Kiingereza kilikuwa kinachechemea, lakini hakuna aliyezimia.

Siku hizi naambiwa simu inaandika insha. Mtapokea kazi zisizo na kosa hata moja, na mtakaa nazo mkijiuliza mwenyewe yuko wapi. Nawaonea huruma, lakini siwezi kujifanya mtakatifu. Mimi niliwahi kuandika barua ya namna hiyo kwa mkono wangu, nikamtilia mwenzangu jina lake chini.

Miaka michache kabla sijastaafu, kanisa letu lilinipa ukumbi kila Jumamosi saa tisa mchana ili niwafundishe watu wazima kuandika. Walikuja mafundi wa cherehani, askari mmoja wa lango, na wanawake kadhaa waliokatiza shule zamani. Mama Dorina alikuja mwezi wa pili. Alikuwa mjane wa Asembo Bay, mkubwa kwangu kwa miaka kama minane, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani. Jumamosi alileta magunia yake mjini, akalala kwa dadake hapa Nyalenda, na Jumapili akauza Kibuye. Shule aliiacha darasa la sita. Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, alikisoma vizuri kabisa katika Biblia, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota.

Nilimuuliza kama nilivyomuuliza kila mtu, anataka kuandika nini.

"Barua kwa nyakwara," akasema, yaani mjukuu wake. "Anaitwa Akinyi. Anakaa ng'ambo, alizaliwa huko. Yeye anajua English peke yake."

"Si mnaongea kwa simu?"

"Tunaongea, na baba yake katikati. Mimi nasema maneno mingi, Madam, mpaka jasho inatoka. Baba yake anageuka anamwambia mtoto, 'Grandma says hi.'"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Yote hiyo, Madam. *Hi*."

Nikamuuliza kwa nini asijifunze tu kuongea, aache habari za kuandika. Akafikiri kidogo. "Ya mdomo inakimbia. Mtoto anaongea, mimi bado natafuta neno ya kwanza, simu imekatika. Barua inaweza kuningoja."

Tangu siku hiyo sijawahi kupata maelezo bora kuhusu faida ya kuandika, na nilisoma chuo.

Alijifunza kwa hasira. Kilichomkera zaidi ni *he* na *she*. Dholuo hakina habari hiyo, wala Kiswahili, kwa hivyo aliandika kwamba baba ya Akinyi, wakati "she" alikuwa mdogo, alikuwa mkaidi sana. Nilipomsahihisha aliweka kalamu chini. "Kwa nini Mzungu anataka kujua mwanaume ama mwanamke kila saa? Nikisema amekula, si amekula?" Askari wa lango akamuunga mkono, na nusu saa ya somo ikaishia hapo.

Mama Dorina alikuwa amemwona Akinyi mara moja tu maishani. Mtoto alikuwa na miezi minane, wazazi wake walipomleta nyumbani kumzika babu yake. Kwa majuma mawili waliyokaa, Mama Dorina alikuwa katika maombolezo ya mumewe na mtoto mapajani, yote kwa pamoja. Hicho ndicho alichotaka kumwambia.

Ilimchukua muhula mzima. Jumamosi moja alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye harufu ya samaki, na katikati yake sentensi hii: *I am hearing the smell of your head up to now*, yaani nasikia harufu ya kichwa chako mpaka sasa. Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza harufu haisikiki. Akashangaa sana. "Sasa wao wanafanyia harufu nini?"

Nikaichukua nyumbani nikaitengeneza. Niliitengeneza yote. Nikaipa ule mwanzo wa kutumaini kwamba barua itamkuta mpokeaji katika afya njema, nikapanga aya, nikaondoa kichwa cha mtoto kwa sababu nilikiona hakifai mahali pale, nikaandika kwamba anamkumbuka kwa upendo mkubwa. Jumamosi iliyofuata Mama Dorina akainakili kwa mwandiko wake, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akanishukuru mbele ya watu. Hakuwa na sanduku la posta, kwa hivyo tulitumia langu. Nilipendekeza tuipige picha tuitume kwa simu, itafika mara moja. Akakataa. "Hiyo ya simu inapitia kwa baba yake."

Jibu lilikuja baada ya majuma saba. Bahasha yenyewe aliishika kwa dakika nzima kabla ya kunipa niifungue. Akinyi alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwandiko wa duara. Alishukuru, akaeleza juu ya paka wao, na mwisho akauliza. Nilimsomea Mama Dorina kwa Dholuo bila kuruka, ingawa nilitamani kuruka: *Baba anasema hujui Kiingereza. Nani alikuandikia? Inafanana na barua za mkuu wa shule yetu.*

Mama Dorina akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Kwa hivyo barua ilifika," akasema. "Mimi ndio sikufika."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata pia. Niliendelea kufundisha nikitazama mlango. Ningejidanganya kwamba biashara imembana, lakini nilijua. Mwanamke mzima alikuwa amejikaza muhula mzima, akatoa kitu cha pekee alichokuwa nacho kwa mtoto huyo, na mimi nikakitupa kwa sababu hakikufuata kanuni.

Jumapili ya pili nilitoka kanisani moja kwa moja hadi Kibuye. Nilimkuta nyuma ya magunia yake, anampimia mteja omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Aliniona lakini hakuinua uso.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Ya nini? Si uliandika English ya sawasawa."

"Ndiyo maana."

Mteja akasema omena ina mchanga. Mama Dorina akamjibu kwamba mchanga ni wa ziwa, haumuui mtu. Mteja alipoondoka akanigeukia. "Ile karatasi yangu ya kwanza ulitupa?"

Sikuwa nimeitupa. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu majuma yote hayo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mwalimu hawezi kutupa karatasi. Nikamtolea. Akapangusa mikono kwenye sketi, akaifungua, akaisoma polepole midomo ikicheza.

"Hii ndio ilikuwa iende," akasema.

"Basi iende."

"Na makosa?"

"Tuache kila kosa ambalo Akinyi atalielewa. Tuguse lile tu litakalompoteza."

Akaitazama tena. "Hapa nimeita baba yake *she*."

"Hapo ataelewa," nikasema. "Na atacheka."

Tuliituma jinsi ilivyo, harufu na yote. Na ninyi wenzangu, kama mnataka kanuni moja kutoka kwangu, nawapa hiyo niliyoipata sokoni nikiwa nimesimama katikati ya nzi. Kabla ya kusahihisha jiulize, anayeandikiwa ataelewa? Kama ataelewa, sasa jiulize unasahihisha kwa faida ya nani. Mtihani utawataka kitu kingine, najua, na mtihani nao una haki yake. Lakini msimpe mtihani kila karatasi ya mtoto.

Jibu la pili lilikuja upesi, kurasa tatu. Akinyi alitaka kujua kichwa chake kilinukia nini hasa. Alitaka kujua kuhusu ukaidi wa babake, mfano mmoja baada ya mwingine. Alisema alimsomea baba yake barua yote mezani, na babake akaenda kusimama dirishani, kisha akarudi akaomba aisome mwenyewe. Mama Dorina alinifanya nimsomee kipande hicho mara nne. Mara ya nne alikuwa anakisema pamoja nami.

Ikawa hivyo kwa miaka. Kila mwezi barua moja, wakati mwingine mbili. Kiingereza chake kilikua, lakini kilikua kama mti wa uani, kikielekea kilikotaka chenyewe. Aliandika juu ya mbuzi wake, juu ya ziwa linapofunikwa na magugu, juu ya jirani aliyenunua viti vya plastiki na kuvikodisha mpaka mwenyewe akawa anakaa chini. Siku moja mwanawe, baba ya Akinyi, alipiga simu akamwambia asijisumbue, kuna kitu ndani ya simu kinatafsiri kila lugha. "Mwambie huyo kitu aandikie mama yake," akasema Mama Dorina, akakata.

Nilistaafu, na bado Jumamosi niliendelea na ukumbi. Sasa nikikumbuka saa tisa zile, watu wazima wameinama juu ya karatasi, mvua ikianza kwenye mabati na hakuna anayeinua kichwa, nahisi njaa ambayo chakula hakiiondoi. Ukumbi ule umegeuzwa ghala la viti. Wakati mwingine napita hapo bila shughuli yoyote.

Kisha Mama Dorina akapatwa na kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na sehemu ya mguu. Maneno yalibaki, yakitoka polepole. Nilipata habari kwa dadake, nikaenda Asembo. Nilimkuta ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha kuazima.

"Madam," akasema, "umekuja na karatasi?"

Nilikuwa nimekuja na karatasi.

Nimefundisha madarasa ya watoto themanini. Nimesimamia mitihani siku ambazo maji ya mvua yaliingia darasani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kuandika Kiingereza cha Mama Dorina kwa mkono wangu mwenyewe na kukiacha. Alisema sentensi, mimi nikaandika, na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikarekebisha. Alikuwa mjanja. Mwisho wa ukurasa akasema, "Soma."

Nikasoma.

"Rudia hapo kwa mbuzi. Umeweka nini?"

"Nimeweka *has*."

"Mimi nilisema *have*."

"Mama, ni jambo dogo tu."

"Ni dogo. Lakini ni yangu."

Nikafuta, nikaandika *have*. Ninyi mnaofundisha mtanielewa nikisema kwamba kalamu ilikuwa nzito. Tangu hapo nilikwenda kila mwisho wa mwezi, na tukaandika barua tisa namna hiyo. Sharti lake lilikuwa moja: ugonjwa usitajwe. Nilibishana naye. Nilimwambia mtoto ana haki ya kujua. "Akijua, ataniandikia kama mgonjwa," akasema. "Mimi nataka aniandikie kama mimi." Mwanawe naye alikuwa ameapishwa hivyo hivyo kwa simu.

Barua ya kumi hatukuiandika. Alifariki asubuhi, binamu yake aliyemtunza akiwa jikoni anamwandalia uji.

Walikuja kumzika, mwanawe na Akinyi. Msichana alikuwa amefikisha miaka kumi na mitano, amempita babake urefu, na alisimama katikati ya umati wa Asembo akisalimiwa na watu mia ambao hakuwaelewa, akitabasamu kwa woga. Baada ya mazishi aliniulizia. Alikuja na faili ya plastiki yenye barua zote, akaketi kando yangu kwenye benchi. Tuliongea Kiingereza, chake cha kukimbia na changu cha ubao.

"Nilidhani Dana amejifunza mwandiko mzuri," akasema, akinionyesha mahali herufi zilipobadilika. *Dana* maana yake ni "bibi yangu", na ndilo neno pekee la Dholuo alilokuwa nalo. "Nilimsifu kwenye barua. Unakumbuka? Nilimwambia mwandiko wako umekuwa mzuri."

Nilikumbuka. Mama Dorina alifurahi sana siku hiyo.

"Kwa hivyo wakati wote huo alikuwa mgonjwa," akasema Akinyi, "na ananiandikia kuhusu mbuzi."

"Alikataza tukuambie."

Akapekua karatasi kwa muda. "Ulibadilisha chochote?"

"Barua ya kwanza kabisa, yote. Zilizobaki, hapana. Nilijaribu mara moja, akanikamata."

Alianza kucheka, kisha uso ukamshinda, akalia kwa nguvu kama watu wetu wanavyolia, bila kuficha. Mashangazi waliokuwa wanaosha sufuria wakaja wakamzunguka, wakamwita kwa jina lake, na nikawaachia nafasi.

Kabla hawajaondoka aliniuliza kama anaweza kuendelea kuandika kwa sanduku lile lile. Nikamwambia sanduku halijahama. Zimefika barua nne. Nimejibu tatu. Ananiuliza mambo ya kawaida, bibi yake alipenda chai ya namna gani, alikuwa na marafiki, aliimba kanisani au alisogeza midomo tu. Hayo nayajua, nayaandika upesi.

Ya nne iko mezani hapa tangu juma lililopita. Anasema kwamba katika simu, na baba yake akiwa katikati, hakuwahi hata mara moja kumsikia Dana akicheka. Katika barua Dana alimchekesha yeye, lakini kicheko chake mwenyewe hakikuweza kupita kwenye karatasi. Anauliza kilikuwaje.

Nimeanza mara tatu. Leo asubuhi nimepata sentensi moja: kwamba bibi yake alijifunika mdomo kwa leso kwa sababu ya jino lililokosekana mbele, na ukimchekesha sana aliisahau leso ikaanguka, na hapo ndipo ungekisikia chenyewe. Baada ya hapo kalamu imesimama, na Kiingereza hakina hatia; ni mimi ninayemlilia bado.